Umefutiwa Chapisho, Umefukuzwa Getini: Mwongozo Kamili wa Kudai Nafasi Yako ya Kusema

Nimesoma rufaa nyingi ambazo watu hunitumia baada ya kukataliwa, na karibu zote zinaanza na sentensi moja: "Mmevunja haki yangu ya kikatiba ya uhuru wa kujieleza." Aliyeandika ana uchungu wa kweli. Chapisho lake limefutwa, au akaunti ya miaka minane imefungwa usiku mmoja, au mlinzi amemtoa nje na vipeperushi vyake mbele za watu. Lakini sentensi hiyo ndiyo inayomwangusha, kwa sababu inabisha hodi kwenye mlango usio wake.

Katiba, katika sehemu kubwa ya dunia, imewekwa kwanza kuifunga mikono serikali. Mwenye nyumba hafungwi kwa kamba hiyohiyo. Anayefanikiwa ni yule anayejua kwanza amenyamazishwa na nani, kisha anamshika huyo kwa maneno yake mwenyewe: kanuni alizoandika, ahadi alizotoa, sheria zinazomhusu. Hapa chini nimepanga kazi hiyo hatua kwa hatua. Pale panapohitaji wakili nimesema wazi, na nakusihi usiparuke.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Picha za skrini za chapisho lako na za taarifa uliyopewa, zikionyesha tarehe na saa.
- Kiungo kamili cha chapisho. Picha peke yake haitoshi, maana anayekagua anatafuta kwa kiungo.
- Nakala ya kanuni uliyoambiwa umeivunja, kama ilivyosomeka siku hiyo.
- Ikiwa ni eneo la ardhi au jengo: jina la mmiliki, na mahali hasa mpaka wake unapoishia.
- Daftari au faili moja la kuandika kila mawasiliano: nani, lini, alisema nini.
- Mtu mmoja asiye na hasira na jambo hili, atakayesoma rufaa yako kabla hujaituma.

Huyo wa mwisho watu humwacha. Usimwache.

## Hatua ya 1: Nasa ushahidi kabla hujagusa kitu

Kosa la kwanza hufanyika ndani ya dakika tano za mwanzo. Mtu anaona chapisho limeondolewa, anachemka, analiweka tena palepale. Mfumo unahesabu kosa la pili. YouTube, kwa mfano, ina utaratibu wa maonyo: ukipata matatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Mwingine anaogopa, anafuta video zake zote zinazofanana na ile, akidhani onyo litaondoka. Haliondoki, kufuta video hakufuti onyo. Anachokuwa amefuta ni ushahidi wake mwenyewe.

Kwa hiyo tulia, upige picha taarifa yote, hadi mstari wa mwisho unaotaja kanuni. Piga picha na maoni yaliyokuwa juu na chini ya chapisho lako, kwa sababu mara nyingi maana ya ulichosema iko hapo. Kisha fungua ukurasa wa kanuni za mtandao huo na uuhifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa pamoja na tarehe zake. Kampuni hubadilisha kanuni zake, na miezi miwili baadaye hutaweza kuthibitisha ziliandikwaje siku ulipofutiwa.

Utajua umefanikiwa ukiwa na folda ambayo mgeni akiifungua anaelewa kilichotokea bila kukuuliza swali hata moja.

## Hatua ya 2: Jibu swali moja: nani amekunyamazisha?

Chukua karatasi, uandike: "Aliyenizuia ni ___, na ana mamlaka hayo kwa sababu ___." Usiendelee mpaka mistari hiyo miwili ijae.

Ukijaza "polisi", "wizara", "halmashauri" au "mahakama", uko kwenye uwanja wa haki za kikatiba na za kimataifa. Tafuta wakili leo, si kesho. Mwaka 2017, katika kesi ya Packingham, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya jimbo la North Carolina iliyowakataza watu waliosajiliwa kwa makosa ya kingono kuingia kabisa kwenye mitandao ya kijamii. Serikali ndiyo iliyozuia, ndiyo maana Katiba iliingia, hata kwa kundi la watu ambalo wengi hawalionei huruma.

Ukijaza "kampuni", "mwenye jengo", "mwajiri" au "admini wa kundi", hali ni tofauti, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa.

Hoja ninayoisikia kila wiki ni hii: "Lakini kila mtu yupo pale! Ni kama uwanja wa umma." Ni hoja nzuri, na mahakama zimeshaipima. Mwaka 1946 iliwahi kushinda. Chickasaw, huko Alabama, ulikuwa mji mzima unaomilikiwa na kampuni ya kutengeneza meli: barabara, nyumba, maduka, hata askari alilipwa na kampuni. Grace Marsh, Shahidi wa Yehova, alikamatwa akigawa machapisho ya dini kando ya barabara. Mahakama ya Juu ilisema kampuni inayoendesha mji kwa ukamilifu namna hiyo haiwezi kuwanyima watu uhuru ambao mji wa kawaida usingeweza kuwanyima.

Watu husoma kesi hiyo, hufurahi, huishia hapo. Endelea kusoma. Mwaka 1972, katika kesi ya Lloyd dhidi ya Tanner, watu waliokuwa wakigawa vipeperushi vya kupinga vita vya Vietnam ndani ya jengo la maduka mjini Portland, Oregon, walishindwa. Mahakama ilisema jengo haliachi kuwa mali binafsi kwa sababu tu umma umekaribishwa kununua humo. Ulaya nayo ilifika karibu na hapo: mwaka 2003, katika kesi ya Appleby dhidi ya Uingereza, wakazi walizuiwa kukusanya saini ndani ya jengo la maduka lililokuwa kitovu cha mji wao. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona haki yao haikuvunjwa, kwa kuwa walikuwa na njia nyingine za kuwafikia watu. Hata hivyo iliacha mlango wazi kwa hali ambayo kuzuiwa kuingia kunaiua haki yenyewe.

Mtandaoni mstari ni uleule. Mwaka 2019, katika kesi ya Halleck iliyohusu chaneli za televisheni ya kebo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kutoa jukwaa kwa watu wengine waseme hakuigeuzi kampuni binafsi kuwa serikali. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikasema hivyo kuhusu YouTube yenyewe katika kesi ya Prager. Ukubwa wa jukwaa haukubadilisha jibu.

Sikuandikii haya nikukatishe tamaa. Nayaandika kwa sababu kila siku unayoipoteza ukidai Katiba kwa asiyefungwa nayo, muda wa rufaa halisi unakwisha.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumweleza jirani yako kwa sentensi mbili nani amekuzuia na kwa mamlaka gani, bila kutaja neno "katiba" pasipo lazima.

## Hatua ya 3: Kagua kama mwenye mali ana neno la mwisho kweli

Kuna hali chache ambazo mwenye mali au mwenye ukurasa anabanwa na sheria. Ni chache, lakini zipo.

Ukurasa ni wa kiongozi wa umma. Umezuiwa kutoa maoni kwenye ukurasa wa meya au mbunge? Machi 2024, katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed, Mahakama ya Juu ya Marekani iliweka vipimo viwili: je, kiongozi huyo ana mamlaka halisi ya kusema kwa niaba ya serikali? Na je, katika machapisho yale alikuwa anayatumia mamlaka hayo? Vyote viwili vikiwepo, kukuzuia ni kitendo cha serikali. Picha za harusi ya bintiye hazihesabiki; tangazo rasmi analolitoa kwa cheo chake linaweza kuhesabika. Kwa hiyo ushahidi wako lazima uonyeshe ulizuiwa ukitoa maoni chini ya chapisho la aina gani.

Sheria ya mahali inatoa zaidi. Mwaka 1980, katika kesi ya PruneYard, wanafunzi wa sekondari waliokusanya saini ndani ya jengo la maduka huko Campbell, California, walishinda. Haikuwa kwa Katiba ya nchi. Ilikuwa kwa katiba ya jimbo lao, inayolinda zaidi. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jimbo linaweza kufanya hivyo. Ndiyo sababu nakuambia usome sheria ya mahali ulipo, usinakili hoja ya mtu wa nchi nyingine.

Wewe ni mfanyakazi na mnazungumzia kazi. Sheria nyingi za kazi zinalinda mazungumzo ya wafanyakazi kuhusu mshahara na mazingira yao hata ndani ya eneo la mwajiri. Marekani ina ulinzi huo tangu 1935, na unawahusu wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi. Ulinzi huu haukupi ruhusa ya kumtukana bosi mtandaoni kwa hasira zako binafsi.

Nyuma ya mwenye mali kuna mkono wa serikali. Mwaka 2024, katika kesi ya NRA (chama cha watetezi wa bunduki) dhidi ya Vullo, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba ofisa wa serikali hawezi kuzishurutisha kampuni ili zimwadhibu mtu kwa maoni yake. Taarifa uliyopewa ikisema chapisho limeondolewa "kwa ombi la kisheria" au "halionekani katika nchi fulani", simama hapo. Tafuta kwenye hifadhidata ya Lumen, ambako baadhi ya kampuni huweka nakala za maombi ya kuondoa maudhui. Ukilikuta ombi linalohusu chapisho lako, lipeleke kwa wakili kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Usipojikuta katika hali hizi, hujashindwa. Umejua tu kwamba silaha yako ni kanuni za mwenye mali.

## Hatua ya 4: Ukiwa getini, ana kwa ana

Waliofutiwa mtandaoni waruke hadi hatua ya 5. Hatua hii ni ya anayesimama na bango.

Hebu tuione hali yenyewe. Dada mmoja ana vipeperushi 200 mkononi, amesimama ndani ya mlango wa jengo la maduka. Mlinzi anakuja, hana ubaya, ametumwa. Anasema, "Dada, hapa hairuhusiwi." Sekunde thelathini zinazofuata ndizo zinazoamua kila kitu.

Ujue kwamba mara nyingi si maneno ya kwenye kipeperushi yatakayokupeleka kituoni. Ni kukataa kuondoka. Ulipoingia ulikuwa mgeni aliyekaribishwa. Ukiambiwa utoke ukagoma, unageuka mtu aliye kwenye mali ya mwenzake bila ruhusa, na hilo ni kosa bila kujali kipeperushi kinasema ukweli kiasi gani.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Shusha mikono, shusha sauti. Mwite "kaka", "dada" au "mzee", kama ungemwita mtu yeyote wa umri wake.
2. Uliza: "Samahani, nani ametoa agizo hili, na linahusu eneo lote au hapa mlangoni tu?"
3. Uliza mpaka wa jengo unaishia wapi. Mlinzi mara nyingi anaujua vizuri kuliko meneja.
4. Sema, "Sawa, natoka," na utoke kweli, bila kugeuka kubishana.
5. Simama kwenye njia ya umma ya waenda kwa miguu, nje ya mpaka. Acha nafasi ya watu kupita.
6. Andika papo hapo: saa, jina la mlinzi kama alilitaja, maneno yake.

Ukitaka kurekodi video, iangalie kwanza sheria ya mahali hapo, hasa kuhusu sauti za watu. Ukianza kuwarekodi wateja ndani ya jengo la mtu, umeongeza mgogoro wa pili juu ya wa kwanza.

Na kama njia ya umma nayo inahitaji kibali kwa mkusanyiko, kiombe kabla. Kibali hicho kinatolewa na serikali, kwa hiyo kikikataliwa bila sababu ya haki, pale ndipo Katiba inapoanza kazi yake.

Utajua umefanikiwa ukiwa bado umeshika vipeperushi vyako, hatua ishirini tu kutoka uliposimama mwanzo, watu wakiendelea kuvipokea, na mlinzi amerudi kwenye kiti chake.

## Hatua ya 5: Jikague mwenyewe bila kujihurumia

Mwenye mali anaweza kukuruhusu kusema jambo ambalo sheria hairuhusu. Ruhusa yake haikukingi.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, katika ibara ya 19, unalinda uhuru wa maoni, kisha unaruhusu uwekewe mipaka kwa masharti: mpaka uwe umewekwa na sheria, na uwe wa lazima kwa kulinda haki au heshima za wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya umma. Ibara ya 20 inataka uchochezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya dini ukatazwe kwa sheria. Kwa hiyo jiulize: Je, nimemtaja mtu kwa jina nikamtuhumu jambo nisiloweza kulithibitisha? Nimetishia? Nimeanika anwani au picha ya siri ya mtu? Jibu likiwa ndiyo, usikate rufaa. Zungumza na wakili, na ukubali kwamba kufutiwa huenda kumekuepusha na makubwa.

Neno moja kwa maadmini, kwa sababu nao ni wenye mali kwa namna yao. Mwaka 2023, katika kesi ya Sanchez dhidi ya Ufaransa, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali adhabu aliyopewa mwanasiasa kwa kushindwa kuondoa haraka maneno ya chuki ambayo watu *wengine* waliyaandika kwenye ukurasa wake wa Facebook. Ukuta ni wako. Kinachobandikwa juu yake kinaweza kukugeukia.

## Hatua ya 6: Linganisha sababu uliyopewa na kanuni yenyewe, kisha andika rufaa

Hapa ndipo rufaa nyingi zinaposhinda au kuanguka.

Soma kanuni mpaka mwisho. Wengi husoma kichwa cha habari, "Matamshi ya chuki", wanakasirika, wanafunga. Chini kabisa kuna sehemu ya yale yanayoruhusiwa: kunukuu ili kulaani, kuelimisha, sanaa, habari. Mfano ninaoupenda ni wa Instagram nchini Brazili. Oktoba 2020 mtu aliweka picha za kuhamasisha wanawake kuhusu saratani ya matiti, kadhaa zikionyesha matiti wazi. Mashine iliziondoa kwa kanuni ya picha za utupu. Lakini kanuni hiyohiyo ilikuwa inaruhusu picha za uhamasishaji wa saratani ya matiti! Shauri lilipofika kwenye Bodi ya Usimamizi, inayopitia maamuzi ya Meta (kampuni mama ya Instagram), Januari 2021, bodi ilisema picha hazikupaswa kuondolewa. Kilichokuwa na nguvu pale ni msamaha ulioandikwa ndani ya kanuni za kampuni yenyewe. Wewe nawe tafuta msamaha wako.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna tatizo letu pia. Lugha yetu imejaa maneno makali yanayosemwa kwa upendo. Rafiki akikuchekesha unaandika, "Utaniua wewe!" Shabiki wa mpira anaandika, "Kesho tunawachinja hawa!" Kila anayezungumza Kiswahili anajua kwamba kesho ni mabao, si visu. Mashine haijui. Na anayekagua baada yake huenda anasoma tafsiri tu.

Tazama rufaa mbili za chapisho hilohilo la mpira. Ya kwanza:

> Hii ni dhuluma! Mmevunja haki yangu ya kikatiba. Wengine wanaposti mabaya zaidi na hamuwafanyi kitu. Rudisheni posti yangu la sivyo tutaonana mahakamani.

Hapo kuna hoja tatu na hakuna inayomsaidia. Katiba haiwafungi. Kusema "wengine wanaposti mabaya zaidi" ni kukiri kwamba lako nalo ni baya. Tishio la mahakama linamfunga mdomo aliyeweza kukusikiliza. Ya pili:

> Chapisho langu la tarehe 9, saa 2 usiku, limeondolewa kwa kanuni ya vitisho vya ghasia. Nilikuwa nazungumzia mechi ya mpira wa miguu. Picha iliyoambatana inaonyesha jezi na ratiba ya mchezo. Neno "kuchinja" katika mazungumzo ya mpira wa Kiswahili lina maana ya kufunga mabao mengi. Kanuni yenu inahusu vitisho vya kumdhuru mtu, na hakuna mtu aliyetishiwa hapa. Naomba chapisho lirejeshwe na onyo liondolewe kwenye akaunti yangu.

Mambo matano: lini na kwa kanuni gani, muktadha, maana ya neno, kwa nini kanuni haihusiki, ombi. Usiongeze la sita isipokuwa lina ushahidi mpya. Na usisahau kuomba onyo liondolewe. Kuna waliorudishiwa chapisho onyo likabaki, na halikuonekana mpaka lilipohesabiwa kwenye kosa lililofuata.

Sasa mpe yule mtu asiye na hasira aisome. Akiuliza "hii inamaanisha nini?" mahali popote, rekebisha mahali hapo.

Onyo: usitume rufaa ileile kwa akaunti tatu tofauti, na usifungue akaunti mpya kukwepa kufungiwa. Mitandao mingi inahesabu ukwepaji huo kuwa kosa jingine, nalo ni gumu kulitetea kuliko la kwanza.

Utajua umefanikiwa ukipata jibu linalozungumzia hoja yako. Hata likiwa la kukataa, jibu la namna hiyo ni ngazi ya kupandia.

## Hatua ya 7: Kama umefutiwa kwa hakimiliki, njia ni nyingine kabisa

Usitumie rufaa ya hatua ya 6 hapa. Kwa mitandao ya Marekani inatumika sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo iitwayo DMCA, ya 1998. Aliyedai kazi ni yake ametuma notisi. Wewe una haki ya kutuma notisi ya kupinga. Ukiituma sawasawa, na mdai asifungue kesi, mtandao unatakiwa kurudisha maudhui kati ya siku 10 na 14 za kazi.

Lakini soma unachotia saini. Unatamka, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba unaamini kazi yako iliondolewa kwa kosa. Unakubali kushtakiwa. Na jina lako, anwani yako na namba yako ya simu vinafika kwa mdai. Mtu anayefichua maovu kwa jina la kubuni anaweza kujivua mwenyewe kwa fomu hii, na wapo wanaotuma madai ya uongo wakitaka hilo hasa. Kama usalama wako unategemea kutojulikana, muone wakili kwanza.

## Hatua ya 8: Panda juu ya kampuni

Rufaa ya ndani ikikataliwa, bado kuna milango.

Ukiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu 17 Februari 2024, imekupa zana ambazo watu wengi hawazijui. Mtandao lazima ukueleze sababu ya kukufutia. Majukwaa, ukiacha yale ya kampuni ndogo, lazima yakupe angalau miezi sita ya kulalamika ndani, na jibu la lalamiko hilo lisiamuliwe na mashine peke yake. Baada ya hapo unaweza kwenda kwenye chombo huru cha usuluhishi kilichoidhinishwa, bure au kwa ada ndogo. Uamuzi wa chombo hicho haumfungi mtu kisheria, ila kampuni inatakiwa kushiriki kwa nia njema.

Kwa Facebook, Instagram na Threads, popote ulipo, kuna Bodi ya Usimamizi. Una siku 15 tangu uamuzi wa mwisho wa Meta. Zihesabu kwa kalenda. Bodi huchagua mashauri machache sana, kwa hiyo eleza kwa nini lako linawagusa wengi: kwa mfano, neno la kawaida la lugha yako linaloonewa kila siku.

Pia, ukilindwa na sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, unaweza kuiomba kampuni nakala ya taarifa zako binafsi ilizonazo. Ina mwezi mmoja wa kujibu, unaoweza kuongezwa. Nimeona watu wakipata humo tarehe na alama za maonyo ambazo hawakuwahi kuambiwa.

## Hatua ya 9: Hamisha sauti yako ukiwa bado unasubiri

Hatua hii haingoji zile nyingine. Ianze siku ileile ya hatua ya 1.

Pakua nakala ya kila ulichoandika; mitandao mikubwa ina sehemu ya kupakua data ndani ya mipangilio. Fungua tovuti kwa jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, ulilolisajili mwenyewe. Kampuni inayohifadhi tovuti nayo ni ya mtu na inaweza kukutoa, lakini jina likiwa lako unahamia kwa mwingine na wasomaji wanakufuata kwa anwani ileile. Kusanya barua pepe za wasomaji wako kwa ridhaa yao, na uiweke orodha hiyo kwenye kifaa chako.

Mimi mwenyewe niliwahi kufungiwa akaunti kwa siku tisa na mtandao ambao sitautaja. Rufaa ilikubaliwa siku ya tisa, bila maelezo. Katika siku hizo tisa nilizongoja nilikuwa na barua pepe za wasomaji 140 tu, na hao ndio waliojua niko wapi. Zihesabu zako leo.